Fuvu Kwenye Ukurasa wa Gesti

Umeå, Uswidi

Mdogo wangu Zainabu,

Najua ukiuona mwandiko huu juu ya bahasha utasema shikamoo kaka kabla hujaichana. Marahaba, mdogo wangu. Nakuona umekaa pale mapokezi, miwani imeshuka puani, unatafuta kisu cha kufungulia. Goti linaendeleaje? Na presha, unakunywa dawa au unazihesabu tu na kuzirudisha kabatini? Mvua zimefika Mikumi, au bado mnatazama mawingu yakienda kunyesha kwa wenzenu milimani? Nauliza kana kwamba utanijibu sasa hivi nami nisikie. Uzee umenifanya hivyo.

Mimi sitakuficha. Moyo umechoka. Daktari alinieleza kwa upole mwingi mno, nami nikaelewa kwa ule upole kabla ya maneno. Miguu imevimba, viatu nimeviacha, nalala nusu nimekaa. Halima ananitunza vizuri. Ananimenyea chungwa na kunitolea mbegu, kama nilivyomfanyia yeye alipokuwa mdogo, na nikikataa kula ananiambia, "Baba, usinisumbue, nina kazi kesho." Hivyo nakula. Mwandiko ukiyumba, ni mkono. Mawazo yakiyumba, hapo ni mimi mwenyewe, na hilo linanitesa kuliko miguu. Kuna jambo nataka kukueleza kabla sijaondoka, na kila nikilipanga linajipanga vingine. Sikutaka kulisema kwenye simu kwa sababu ungenikatiza. Nisome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Jambo lenyewe ni Mhoja.

Usiikunje barua. Nasema Mhoja yule yule wa Kidodi, mkulima wa miwa, mtani wetu. Unajua tulivyolelewa. Baba yake alikuja toka Unyamwezini kukata mkonge, baba yetu alikuwa Msagara wa hapo hapo Kilosa, na tangu siku waliyofahamiana hawakuacha kutukanana. Baba alipofariki, ni mzee yule Mnyamwezi aliyelala chini mbele ya jeneza, akasema maiti haipiti mpaka apewe jogoo, kwa sababu marehemu alikuwa mchoyo na hii ndiyo nafasi ya mwisho ya kumla. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mama alicheka. Sijasahau kwamba mama alicheka siku ile.

Na wewe, mtoto wa nyumba ile, ulimpeleka mwana wa mzee yule kwa mtendaji wa kata. Mtani hapelekwi kwa mtendaji. Hilo unalijua kama mimi. Sikulaumu, Zainabu, kwa sababu ulimpeleka kwa neno langu.

Nianze mwanzo, hata kama sehemu unazijua, maana nataka kuona kama mimi mwenyewe nazijua. Shirika la umma ulilokuwa ukifanyia kazi lilipouzwa na mkarudishwa nyumbani na kiinua mgongo, wenzako walinunua daladala zikafia gereji. Wewe ulijenga gesti, vyumba vichache, ukaweka maua ya plastiki na neti safi. Kila mtu siku zile alikuwa anafungua kitu. Nikakwambia, wageni wanaokwenda mbugani siku hizi wanatafuta kwenye intaneti, ngoja nikutengenezee ukurasa. Nilikuwa nimestaafu kulinda kompyuta za chuo huku, mikono inawasha kwa kukosa kazi. Nikaiweka mashine kwenye stoo ya Halima, kati ya buti za baridi na makopo ya rangi, na mpaka leo inanguruma humo. Ukurasa ulikuwa na picha yako umesimama mlangoni, picha za vyumba, na ubao wa kuandikia, ambapo mgeni yeyote angeweza kuacha neno lake. Mhoja naye akaomba kijikona cha kutangazia zamu za kukata miwa na malori ya kubebea, nikampa neno la siri ili aandike mwenyewe. Ulikuwa ukienda intaneti kafe pale stendi, unasoma, unanipigia. Tulikuwa na furaha, nadhani. Mimi nilikuwa nayo.

Sasa nisikilize kwa makini, hapa ndipo nilipopotea.

Sikuiandika programu ya ukurasa ule mwenyewe. Ni programu ya bure, inatumiwa duniani kote. Nami sikuichukua kwa walioiunda, bali kwa watu wengine, wale wanaokusanya programu za kila namna na kuzifunga vifurushi, ili mashine nzima iende pamoja bila kugombana. Utaratibu wao ni huu. Wakishautangaza mfumo wao kuwa imara, hawabadilishi tena toleo la programu yoyote iliyomo. Likionekana tundu ambalo mwizi anaweza kupitia, hawakuletei programu mpya. Wanachukua kiraka kidogo cha mahali palipotoboka tu, wanakishona kwenye ile ile ya zamani, wanakutumia. Ni kama ukuta wako ukipasuka karibu na dirisha. Fundi mwenye akili haibomoi nyumba, anaziba ufa. Na ukitazama namba ya toleo, unaikuta ile ile ya zamani, ila mwishoni imeota kimkia kidogo cha kuonyesha kwamba imezibwa.

Nilikuwa nikilijua hilo. Niliwafundisha vijana wa chuoni huku. Lakini siku moja nikasoma tangazo la walioiunda ile programu, kwamba matoleo yote yaliyo chini ya namba fulani yana tundu, kila mtu achukue jipya upesi. Nikatazama namba yangu, nikaiona iko chini. Nilifundisha hesabu Kilosa miaka mingi, Zainabu, na macho ya mwalimu wa hesabu yakiona namba ndogo chini ya namba kubwa, yameshatoa hukumu. Kimkia sikukisoma. Au nilikisoma nikakidharau, sikumbuki, na hapa ndipo ninapozunguka mpaka kichwa kinauma. Huenda tundu lile lilikuwa limezibwa zamani, na mimi nikakimbia nyumba iliyokuwa salama.

Nilichofanya ni hiki: nikaichukua programu mpya moja kwa moja kwa walioiunda, nikaimwaga juu ya ile ya kifurushi. Ukurasa ukapendeza, herufi zikanenepa, wewe ukanipigia ukasema kaka umenipaka rangi. Nikajiona fundi. Lakini kila kiraka kilipokuja baada ya hapo, mashine iliniuliza: je, uache faili zako kama zilivyo, au upokee zetu? Nami nikajibu, acha zangu. Ikauliza tena mwezi mwingine, nikajibu hivyo hivyo. Mwishowe nikachoka kuulizwa, nikaiamuru isikiguse tena kile kifurushi mpaka nitakaposema vinginevyo. Ikatii. Basi mfumo ulidhani programu ile naiangalia mimi, na mimi nilidhani inaangaliwa na mfumo. Nayo ile mpya, kama vitu vyote vipya, ikazeeka, ikatoboka mahali pengine, na hakuna aliyekuwa akiizibia.

Siku uliyonipigia unacheka, unaikumbuka. Ulisema, "Kaka, Mhoja kaniua." Ukanieleza kwamba umekwenda kafe, umefungua ukurasa, na mahali pa picha yako pamekaa fuvu la kichwa, meno nje, na chini yake maneno ya Kinyamwezi. Watu wote kafe walikuwa wanacheka. Muuza vocha alikupa pole, mama wa chai akasema ulivyo kwenye fuvu umepungua unapendeza. Nikaingia stoo, nikatazama. Fuvu nikaliona. Maneno hayakuwa Kinyamwezi. Yalikuwa ya lugha ambayo sikuijua na mpaka leo siijui.

Mtu mwingine wa kazi yangu, yeyote wa huku, angeliona lile fuvu angezima mashine papo hapo. Mimi nilicheka. Niliona fuvu kwenye picha ya dada yangu na akili yangu yote ya chuoni ikakaa pembeni, ikampisha mtoto wa Kilosa. Nikampigia Mhoja. Nikamuuliza, "Wewe mtumwa wetu, umemuua dada yangu?"

Akajibu bila hata kuvuta pumzi. "Nimemuua. Mnazika lini? Nina shoka zuri la kuni za msiba."

"Na yale maneno ni ya lugha gani?"

"Lugha ya wafu. Msomi gani wewe hujui? Subiri kidogo, utajifunza."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia aliondoe, akasema halitoki bila jogoo. Sikuuliza zaidi. Ungeniuliza wakati ule, ningekuapia kwamba ni yeye, kwa sababu mwenyewe alisema. Nilisahau kitu ambacho hata mtoto wa kwetu anakijua: mtani hakatai utani mzuri. Ukimbebesha aliouanzisha mwingine, ataupokea na kudai chenji.

Likakaa fuvu lile. Na Mhoja, kwa kuwa ameshapewa sifa, akaongeza la kwake. Aliandika kwenye ubao, kwa Kiswahili safi, kwamba mwenye gesti amefariki, wageni waende kulala kwa watani wake Kidodi, ugali upo. Hilo ni lake kweli. Alilikiri kwangu bila mzaha, na lugha ni yake. Kwa mtu wa kwetu lingekuwa kicheko cha jioni moja. Lakini wale walimu wa semina waliokuwa wameshika vyumba vyako vyote hawakuwa wa kwetu. Waliona fuvu, wakasoma tangazo, wakaenda kulala kwingine, na kesho yake wakaja gestini na mchele na sukari ya rambirambi. Wakakukuta barazani umekaa kwenye mkeka unachambua maharage.

Ulinieleza jinsi yule mwalimu mkubwa alivyosimama na mfuko wake mikononi, hajui aubwage au aondoke nao. Wakati ule hatukucheka. Ulikuwa mjane, ulikuwa umetoka kuugua, na mji mzima ulikuwa unanong'ona kwamba mtu akitangaziwa kifo, kifo husikia. Ulikuwa unaogopa, Zainabu. Nilikusikia unaogopa ingawa ulikuwa unafoka.

Kabla ya siku ile ya rambirambi, nikitaka kuliondoa fuvu mwenyewe, nilikuwa nimeshaanza kuichunguza mashine. Niliona nyayo. Mashine huandika kila anayeingia, na kulikuwa na aliyeingia kutoka nchi ya mbali, si Tanzania, kupitia tundu la programu ile niliyoimwaga kwa mkono wangu. Aliingia, akaweka fuvu, akaenda zake. Wapo watu wa namna hiyo, wanapita duniani wanajaribu milango, hawakujui wala hawakuchukii. Nilisoma nyayo zile mara mbili, fuvu likiwa bado limekaa. Baada ya rambirambi zile nikafuta kila kitu, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, mashine iliyoingiliwa hujengwa upya tokea chini. Lakini nilifuta upesi kuliko ilivyotakiwa, na sikuhifadhi nakala. Sijui kama nilikuwa nasafisha au naficha. Nimejiuliza mara nyingi. Siku nyingine jibu ni hili, siku nyingine lile.

Ndipo ukanipigia ukaniuliza, "Kaka, wewe ndiye unayeijua mashine. Ile picha kaiweka nani?"

Nami nikakwambia, "Mwenyewe si amekiri?"

Ni hayo tu. Sikusema uongo, ukiyatazama maneno. Ulishukuru, ukakata simu, ukaenda kwa mtendaji. Nilijua unakwenda. Ningeweza kukupigia tena, simu ilikuwa mkononi. Nilimwogopa nani? Nadhani nilikuogopa wewe, usije ukajua kwamba kaka yako uliyekuwa ukijivunia kafe nzima alilala mlango wazi. Kumbe mlango wenyewe ulilala wazi kwa sababu nilijiona najua kuliko walioufunga.

Ya ofisini nilisikia baadaye kwa mjomba, aliyekusindikiza. Alisema Mhoja alikuja amevaa kofia ya sherehe, akaingia anacheka, akamwambia mtendaji yuko tayari kukuua mara ya pili kwa kuwa ya kwanza hukufa vizuri. Halafu akakuangalia. Wewe hukucheka. Mjomba alisema aliivua ile kofia polepole akasema, "Zainabu. Kumbe unamaanisha." Akaomba radhi kwa yote, la fuvu na la ubao, akiwa amesimama. Hata hapo hakusema fuvu si lake. Kwa nini hakusema? Nimelala na swali hili. Labda aliona ukishamfikisha pale hakuna haja ya kutenganisha. Labda alijua lilitoka kwangu akanisitiri. Au, na hili ndilo linalonichanganya kuliko yote, labda nilisoma nyayo vibaya, na ni yeye kweli. Neno la siri alikuwa nalo. Nyayo za mashine zinakwambia mlango uliotumika, hazikwambii uso. Nikipima, naona kwa sehemu kubwa hakuwa yeye. Lakini kuapa siwezi, na ushahidi niliufuta mwenyewe.

Nilidhani uzito huu ningekwenda nao. Kilichonigeuza ni jambo dogo. Juzi Halima alitoka stoo akasema mashine inauliza tena. Kiraka kimekuja, na lile swali la siku zote, maana hata nilipoijenga upya niliimwaga tena programu yangu juu ya kifurushi.

"Baba, nibonyeze nini? Acha zako, au pokea zao?"

Nikasema, "Acha kwanza."

Akanitazama. "Mpaka lini?"

 Nilijisikia kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nikajaribu kumweleza habari ya vifurushi, na matoleo, na vimkia, nikachanganya mbele na nyuma, na katikati ya maelezo nikaona ninamweleza habari za Mhoja. Nikamwambia yote haya ninayokuandikia.  Kisha akasema, "Basi Baba, wewe ndiye wa kumwambia shangazi. Mimi sitamwambia." Akarudi stoo akapokea zao. Nikamwomba anisogezee kiti mbele ya kioo cha mashine nione kilichobadilika. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Herufi zile zile, vyumba vile vile, wewe umesimama mlangoni vile vile. Hakikuonekana kitu. Kiraka kizuri hakionekani, na mimi maisha yangu yote nilitaka kazi yangu ionekane.

Sasa ninachokuomba. Kuhusu mashine, usihangaike, Halima ameshajua la kubonyeza. Ninachokuomba ni Mhoja. Mimi nikifa, sijui kama mwili utafika Kilosa au nitazikwa huku kwenye ardhi iliyoganda. Halima ataamua, usimlazimishe. Lakini matanga mtaweka, mwili uwepo usiwepo, na katika matanga yangu nataka mtani. Nataka mtu aseme mbele za watu kwamba marehemu alikuwa na digrii lakini hakujua kufunga mlango. Asipokuwepo Mhoja hakuna mwingine wa kulisema hilo, na likisemwa na mtu mwingine litakuwa tusi.

Wala usifikiri ninaomba kwa ajili ya msiba wangu tu. Wewe utabaki, naye atabaki, na hiyo barabara ya Kidodi mtapishana.

Nisalimie mjomba, mwambie kwamba nilimkasirikia kwa kunieleza ya kule ofisini, sasa namshukuru. Nisalimie shangazi yetu wa Dumila, na vitunguu vyake, na sauti yake inayosikika mpaka kwenye mabasi. Nisalimie mpishi wako aliyekuwa akiniwekea ukoko wa wali kila nilipokuja likizo. Wape watoto wa marehemu shemeji salamu za mjomba wao, waje kukuona kabla ya sikukuu.

Mhoja simwandikii salamu. Nenda wewe. Mpelekee jogoo, na umsomee barua hii yote, hata nilipoandika kwamba simwamini sawasawa. Naambiwa siku hizi mkikutana sokoni anakuamkia kwa adabu, anauliza hali ya gesti, anakupisha njia. Akikupokea hivyo, akikuletea kiti na kukuita mama, usiondoke, ujue bado hajakusamehe. Kaa. Mwambie kaka yako amesema shoka lake ni butu. Ngoja mpaka akutukane, na akishakutukana, kula kwake.

Mimi ni kaka yako,
Rajabu